Kinyozi Hajinyoi: Taasisi za Kiswahili na Wakosoaji Wake



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Methali hii hutumiwa aghalabu kumhimiza mtu akubali msaada wa mwenzake, lakini ndani yake mna pia hoja kuhusu namna tunavyojua mambo. Kinyozi hakosi ustadi, wala hakosi wembe. Anachokosa ni mahali pa kusimama ili akione kisogo chake mwenyewe. Taasisi nayo iko katika hali hiyo hiyo. Inaweza kuwa na wataalamu hodari na vitendeakazi vya kutosha, na bado ikashindwa kuona kasoro ambayo mtu wa nje anaiona kwa kupita tu.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza jinsi taasisi zinavyopokea na kujibu maoni yanayohusu utendaji wake zenyewe. Mfano nitakaoutumia ni wa taasisi zilizokabidhiwa jukumu la kusanifu na kukuza Kiswahili: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ambayo sasa ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA).

Nimezichagua taasisi hizi kwa sababu mbili. Kwanza, kazi zake ziko mikononi mwetu sote. Hakuna mwanafunzi aliyemo ukumbini humu ambaye hajafungua kamusi iliyotoka katika mojawapo ya taasisi hizo. Pili, uhusiano wake na watumiaji ni wa namna ya pekee. Mtu anayelalamika kwamba sabuni haitoi povu hakuitengeneza sabuni ile, wala hadai kuwa anajua kuitengeneza. Lakini mzee wa Pemba anayesema kwamba neno fulani halikufasiliwa sawasawa katika kamusi ni mtumiaji wa kamusi na papo hapo ni mwenye mali ambayo kamusi imeikusanya. Maoni yake ni malalamiko, na pia ni ushahidi.

Hoja yangu kuu ni hii: taasisi zetu zimekuwa nyepesi kusahihisha neno, na nzito kusahihisha utaratibu unaoamua neno lipi ni sahihi. Aidha, nitadai kwamba kipimo cha taasisi inayosikia si wingi wa maoni iliyoyakubali. Kipimo ni iwapo mtoa maoni anajua neno lake liliishia wapi.

2.0 Msamiati wetu wa kukosoana

Kabla ya kwenda kwenye historia, inafaa tuyatazame maneno yenyewe tunayoyatumia kulizungumzia jambo hili, maana yana mafunzo.

Tuanze na kitenzi "kosoa". Katika matumizi ya leo, kukosoa ni kutoa kasoro, na mara nyingi mtu "aliyekosolewa" huhesabiwa kuwa ameshambuliwa. Umbo la neno, hata hivyo, linasema jambo jingine. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua kinachogeuza maana ya kitenzi: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, na pale ambapo irabu ya mzizi ni /o/, choma huzaa chomoa. Kwa mujibu wa kanuni hiyo hiyo, kosa huzaa kosoa. Yaani, kukosoa ni kulitengua kosa, kama vile kufungua ni kuitengua hali ya kufungwa. Kwa umbo lake, basi, mkosoaji ni mtu anayeliondoa kosa, na mwenye kumlaumu mkosaji ni mtu mwingine. Lugha ina neno jingine kabisa kwa ajili ya huyo wa pili, nalo ni "lawama".

Neno "tathmini" lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa "thamani". Kutathmini ni kukitia kitu bei, kukipima kina uzito gani. Neno "mrejesho", ambalo limeshika sana katika ofisi na madarasa ya siku hizi, limetokana na "rejesha", nalo limetokana na "rejea". Mrejesho ni kitu kilichorudishwa kwa aliyekitoa. Neno hili linachukulia kwamba kuna mtu aliyetuma, kuna mtu aliyepokea, na kuna njia ya kurudia. Ikiwa njia ya kurudia haipo, mrejesho haupo, hata kama watu wananung'unika mchana kutwa.

La mwisho ni "sikia". Katika Kiswahili, kusikia ni kupokea sauti kwa masikio, na pia ni kutii. Mtoto asiyesikia si kiziwi. Ni mtoto asiyefuata anachoambiwa. Methali nayo imekazia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukumbuke ni la nani linalopaswa kusikiwa hapo: ni la mkuu. Ngazi ya usikivu katika methali hiyo ni moja tu, ya mdogo kumsikia mkubwa. Jambo hili litatusaidia kuelewa kwa nini taasisi huona uzito kusikia yale yanayotoka chini, kwani katika mawazo yetu kumsikia mtu kunakaribiana sana na kumtii.

3.0 Ngazi mbili za kusahihisha

Wataalamu wa taasisi wametupatia dhana mbili zitakazotufaa. Ya kwanza ni ya Chris Argyris na Donald Schön, waliyoieleza katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu jinsi taasisi zinavyojifunza. Mfano wake maarufu ni wa kifaa kinachodhibiti joto la chumba. Kifaa hicho kimewekewa kiwango fulani. Chumba kikipoa kinawasha moto, kikipata joto la kutosha kinauzima. Hiyo ni ngazi ya kwanza ya kujisahihisha: kosa linagunduliwa na kuondolewa, na kiwango kinabaki kama kilivyo. Ngazi ya pili ni pale panapoulizwa swali ambalo kifaa hakiwezi kujiuliza: je, kiwango chenyewe kinafaa, na ni nani aliyekiweka?

Dhana ya pili ni ya Albert Hirschman, aliyeandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhishwa na taasisi ana njia kuu mbili za kuonyesha kutoridhika kwake. Anaweza kusema, au anaweza kuondoka. Anayesema anatoa maelezo ya kinachomkera. Anayeondoka hatoi maelezo. Taasisi huona tu kwamba hayupo, na pengine haioni hata hilo. Uaminifu wa mtu kwa taasisi ndio unaomfanya akae na kusema badala ya kuondoka. Kwa hiyo taasisi inayomchukulia msemaji kuwa msumbufu inawasumbua watu ambao bado wanaijali.

4.0 Kamati ya Lugha na wakosoaji wake

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano mjini Mombasa uliokubaliana kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Tarehe 1 Januari 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Malengo yake yalikuwa pamoja na kuleta tahajia moja, kulinganisha sarufi na msamiati, kusoma na kupitisha miswada ya vitabu vya shule, kuwahimiza waandishi, na kujibu maswali ya watu kuhusu lugha na fasihi ya Kiswahili.

Lengo hilo la mwisho lisitupite bure. Kamati iliundwa tangu mwanzo kama chombo chenye wajibu wa kujibu. Ilikuwa pia na taarifa yake iliyochapishwa, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo tunayoijua leo kama jarida la Kiswahili. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mlango wa maoni haukuwapo. Swali ni nani aliyeweza kuupita.

Tuchukue mjadala mmoja. Mwaka 1930 mmisionari Mjerumani Karl Roehl alichapisha makala katika jarida la Africa, akitaka Kiswahili kipunguziwe maneno ya asili ya Kiarabu na kurudishwa karibu na Kibantu. Mwaka uliofuata G. W. Broomfield alimjibu katika jarida hilo hilo, akipinga kile alichokiita kukibantuisha upya Kiswahili. Roehl aliendelea na njia yake, na tafsiri yake ya Biblia iliyotoka mwaka 1937 ni ushahidi wa msimamo huo. Kiswahili Sanifu hakikumfuata. Huu ulikuwa ukosoaji mzito uliojibiwa kwa hoja na kukataliwa kwa hoja. Hatuwezi kuulaumu utaratibu wake. Lakini tuwatazame waliojadiliana. Wote wawili walikuwa Wazungu, wakiandika kwa Kiingereza, katika jarida lililochapishwa London, juu ya neno gani liruhusiwe kukaa katika kinywa cha Mswahili. Mswahili mwenyewe hakuwamo katika mazungumzo hayo. Katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika, na taarifa yake kwa sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba aina fulani ya maoni haikusafiri. Chukua suala la tahajia. Katika Kimvita kuna tofauti ya maana inayobebwa na mpumuo: "kaa" la moto si sawa katika matamshi na "khaa" wa baharini, na "paa" la nyumba si sawa na "phaa" anayewindwa. Kimvita hutofautisha pia /t/ ya meno na /t/ ya ufizi. Tahajia sanifu haikuzionyesha tofauti hizi. Yawezekana kabisa uamuzi huo ulikuwa na busara, kwani tahajia nyepesi ni rahisi kufundishwa kwa watu wengi ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Lakini kwa mzawa wa Mombasa, uamuzi huo ulimaanisha kwamba maandishi rasmi ya lugha yake hayaoni kitu ambacho sikio lake linakisikia kila siku.

Waafrika waliingia katika Kamati baadaye. Mwaka 1964 Kamati iligeuzwa kuwa taasisi ya utafiti chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Haya yalikuwa mabadiliko makubwa, kwa sababu yaligusa jambo ambalo kifaa cha joto hakiwezi kuligusa, yaani ni nani anayeweka kiwango. Hata hivyo, kiwango chenyewe kilirithiwa. Haishangazi kwamba mwaka 1977, zaidi ya muongo mmoja baada ya uhuru, vilitoka vitabu viwili vilivyoirudia historia hiyo kwa macho ya Waswahili: Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, na kitabu cha Kiingereza cha Abdallah Khalid, ambacho jina lake tu lilitaka Kiswahili kikombolewe kutoka kwa Wazungu waliokitwaa. Unaweza kukubaliana na Khalid au usikubaliane naye. La msingi ni kwamba hoja iliyokosa mahali pa kupokelewa ndani ya taasisi haikufa. Ilikaa nje kwa miaka mingi, na iliporudi ilirudi kwa ukali.

5.0 Kamusi: muda wa kujibu

Kamusi ni mahali pazuri pa kupima jinsi taasisi inavyojibu, kwa sababu kila toleo lina tarehe. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya Johnson ilichapishwa mwaka 1935. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, miaka 46 baadaye. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004, baada ya miaka 23. La tatu mwaka 2013, baada ya miaka 9. Kwa upande wa kamusi za lugha mbili, kamusi mbili za Kamati za mwaka 1939, ya Kiingereza kwa Kiswahili na ya Kiswahili kwa Kiingereza, zilisubiri hadi mwaka 1996 na 2001 kupata warithi kutoka TUKI.

Takwimu hizi zinaonyesha kwamba mwendo umeongezeka, na TUKI na TATAKI zinastahili sifa. Kutunga kamusi ni kazi ya subira. Kwa miaka mingi ilifanywa kwa kadi, kalamu na macho, na fedha za kuichapisha hazikuwa za uhakika. Zinaonyesha pia, hata hivyo, kwamba mwalimu aliyeona kosa katika toleo la 1981 na kuliandikia taasisi angeweza kustaafu kabla ya kuona kama barua yake ilisomwa.

Maoni ambayo wanaleksikografia na walimu wamekuwa wakiyatoa kuhusu kamusi zetu yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la makosa ya kawaida: neno limekosewa tahajia, ngeli si yake, mfano hauendani na maana. Fungu la pili ni la mbinu: fasili za mzunguko, ambapo neno moja hufafanuliwa kwa kisawe chake na kisawe hicho kikafafanuliwa kwa neno lile la kwanza, hata msomaji akatoka kama alivyoingia. James Mdee, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya nadharia na historia ya leksikografia, alikwisha kutupatia Kiswahili cha kulijadili fungu hili kitaalamu. Fungu la tatu ni la mamlaka: kwa nini neno la Tumbatu, la Lamu au la Bukavu liandikwe "lahaja" au liachwe kabisa, ilhali neno la gazeti la mjini linaingia bila kuulizwa kwao?

Fungu la kwanza hushughulikiwa kwa urahisi. La pili hushughulikiwa pale taasisi inapopata wataalamu na muda. La tatu ndilo linalokaa. Nalo lina uchungu wake. Mtoto aliyezaliwa Mombasa ambaye nyumbani husema "kitwa" na "mato" hufundishwa shuleni kwamba maneno hayo ni "kichwa" na "macho", na akiyaandika ya kwao katika mtihani hutiwa alama ya kosa. Hata Unguja, iliyotoa lahaja ya msingi, haikusalimika: watu wengi wa huko husema "hichi", na kitabu cha sarufi huwaambia waseme "hiki". Mzawa anakosolewa katika lugha ya mama yake kwa kutumia kipimo kinachodaiwa kuwa kimetoka kwake.

Mwaka 2010 BAKIZA ilichapisha Kamusi la Kiswahili Fasaha. Tuutazame upatanisho wa kisarufi katika jina hilo. Bara tunasema "kamusi ya". BAKIZA iliandika "kamusi la", kama wasemavyo Zanzibar, na badala ya "sanifu" ikachagua "fasaha". Mwaka 2015 BAKITA nayo ikatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Kwa mtazamo wa Hirschman, kamusi la Zanzibar linaweza kusomwa kama sauti na kama kuondoka kwa wakati mmoja. Wenye hoja ya fungu la tatu hawakungoja tena toleo lijalo la kamusi ya wengine, walitunga lao. Binafsi naona hilo ni tukio la heri kwa lugha, maana leo tuna vitabu vya kulinganisha. Lakini ni jawabu lililotolewa na mkosoaji, si na aliyekosolewa.

6.0 Istilahi: watumiaji wanapojibu kwa vitendo

Katika istilahi, mrejesho huja kwa njia nyingine. BAKITA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ina mamlaka ya kusanifu istilahi, na imekuwa ikizichapisha kwa ajili ya watumiaji. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mwuza duka aseme neno asilolitaka. Msemaji wa kawaida haandiki barua ya kupinga istilahi, huiacha tu.

Mfano ulio wazi ni wa mashine tunayoandikia. "Tarakilishi" ni neno lililoundwa kwa kutumia "tarakimu", na bado linafundishwa katika shule nyingi za Kenya. "Ngamizi" nalo lilipendekezwa. Lakini ofisini na sokoni, watu wengi wamesema "kompyuta", na kamusi zimelikubali. Kinyume chake, "UKIMWI", ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini uliozuka katika miaka ya 1980, ulienea Tanzania na Kenya hata watoto wakaujua. Ulikuwa mfupi, ulitamkika, na kila neno lililomo ndani yake lilikuwa limezoeleka.

Mfano wa karibu zaidi ni "barakoa". Neno hili ni la zamani katika mwambao, nalo lilikuwa jina la kitambaa cha kufunikia uso wa mwanamke. Ulipozuka ugonjwa wa virusi vya korona, katika mwaka 2020 neno hilo lilichukuliwa liwe jina la kifaa cha kuziba pua na mdomo, na kwa muda mfupi likawa katika vyombo vya habari na mabango ya hospitali. Hapa haikulazimu kuunda neno jipya. Hazina ya lahaja na ya utamaduni wa pwani, ile ambayo wakosoaji wa fungu la tatu wamekuwa wakiililia kwa miaka mingi, ndiyo iliyokuwa na jibu. Mwanafunzi wa istilahi ajiulize ni maneno mangapi ya aina hiyo yamelala, yakisubiri mtu wa kuwauliza wenyewe.

7.0 Kwa nini taasisi huwa nzito kusikia

Ni rahisi kusema kwamba taasisi hazisikii kwa sababu ya kiburi. Kiburi kipo, lakini hakitoshi kuwa maelezo. Naona sababu tatu nyingine.

Ya kwanza ni ukosefu wa njia. Maoni hutolewa katika kongamano, katika tasnifu ya mwanafunzi, katika kipindi cha redio, au barazani. Hayana rejista moja yanakoandikwa. Mhariri wa kamusi akistaafu, huondoka na kumbukumbu ya nani alisema nini. Atakayemfuata huanza upya, na mkosoaji yule yule hurudia neno lile lile hadi achoke.

Ya pili ni ile niliyoidokeza nilipoeleza neno "sikia". Kwetu ukosoaji hugeuka upesi kuwa suala la adabu. Kijana anayehoji fasili iliyoandikwa na mwalimu wake huulizwa kwanza yeye ni nani, kabla ya kuulizwa hoja yake ni ipi. Hapo kosa hubaki mahali pake, na mjadala huwa juu ya heshima.

Ya tatu ni sababu ya haki, na wakosoaji hatuna budi kuikubali. Usanifu ni ahadi ya uthabiti. Mtunga mitihani, mchapishaji, mfasiri na hakimu wanahitaji kujua kwamba neno la mwaka jana bado lina maana ile ile mwaka huu. Sanifu inayobadilika kwa kila barua haiwezi kuitwa sanifu. Mzigo huu umeongezeka katika miaka ya karibuni: mwaka 2019 Kiswahili kiliidhinishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mshtakiwa anaposimama kizimbani, tofauti kati ya fasili mbili za kitenzi kimoja yaweza kuwa tofauti ya kifungo na kuachiwa. Taasisi ina haki ya kuwa na tahadhari.

Lakini tahadhari si sawa na ukimya. Kukataa kwa sababu ni jibu, kama Broomfield alivyomkatalia Roehl. Aliyekataliwa kwa sababu anaweza kuipima sababu hiyo, akaikubali au akaleta hoja bora zaidi. Aliyenyamaziwa hana la kufanya ila kuondoka.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila taasisi inayotoa kamusi au istilahi iwe na rejista ya maoni, inayoonyesha neno lililohojiwa, hoja iliyotolewa, na uamuzi uliofikiwa. Rejista hiyo iwe mali ya taasisi, isiwe ya mhariri mmoja.

Pili, yachapishwe kila mwaka muhtasari wa maoni yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Kurasa chache katika jarida la Kiswahili, au katika tovuti ya taasisi, zingetosha. Siku hizi hakuna haja ya kungoja toleo jipya la kitabu ili kumwambia mwalimu wa Kigoma kwamba barua yake ilifika.

Tatu, tutumie kongoo. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, imetuonyesha kwamba matumizi halisi yanaweza kuwa mrejesho hata pale ambapo hakuna aliyelalamika. Tahadhari ni kwamba maandishi ya magazeti huchukua nafasi kubwa katika kongoo kama hizo. Tukizitegemea peke yake, tutakuwa tumemkaribisha tena mgeni yule yule aliyekuwa akiingia bila kuulizwa. Mazungumzo ya Pate, ya Makunduchi na ya Lubumbashi yarekodiwe na kuwekwa humo.

Nne, katika kila jopo la kupitia kamusi wawemo watu wasiokuwa waajiriwa wa taasisi: wazawa wa lahaja, walimu wa shule za msingi, wafasiri wa mahakama. Wapewe kura, wasiwe wasikilizaji tu. Pendekezo hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee linalogusa kiwango chenyewe badala ya joto la chumba.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kamati ya 1930 ilikuwa na wajibu wa kujibu lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Kwamba kamusi zimeharakisha mwendo wa kusahihisha maneno, na hoja ya nani anaamua imejibiwa zaidi na waliokuwa nje. Na kwamba katika istilahi msemaji wa kawaida hutoa hukumu yake bila kuandika mstari mmoja. Katika yote hayo, wakosoaji walioandika vitabu, waliotunga makamusi na waliosimama makongamanoni wamefanya kazi ambayo umbo la neno lao linaielekeza: wamejaribu kuyatengua makosa.

Kwa wanafunzi mlio hapa, ambao baadhi yenu mtakalia viti vya uhariri katika taasisi hizi, nina ombi. Itakapowafikia barua ya mtu msiyemjua, yenye mwandiko mbaya na maneno makali, inayodai kwamba neno la kijijini kwake mmelikosea, msianze kwa kuuliza yeye ni nani. Litafuteni neno hilo, waulizeni wenye kulisema, kisha mwandikieni jibu, hata likiwa la kukataa.